Buji ya motopompe inasema nini?

Ndugu muchimbaji, mbele ya kulipa mekanisiye, toa buji uiangalie. Acha moteri ipoe kwanza, pangusa kando ya buji muchanga usiingie, kisha ifungue.

Ncha ikiwa na rangi ya kahawia ao kijivu, moteri iko muzima. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi, esansi ni mingi kupita hewa: safisha filtre, angalia karbiratere. Ikiwa nyeusi na yenye mafuta, mafuta ya moteri inapanda mu silinda. Mara nyingi pete za pistoni zimechoka. Ikiwa nyeupe sana ao imeanza kuyeyuka, moteri inapata moto kupita kiasi. Simamisha kazi, pistoni isitoboke.

Lakini masizi haili franga tu. Moteri yenye kuungua vibaya inatoa kwa wingi gazi ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, inaua mutu mbele ajue. Hata moteri yenye buji nzuri inaitoa.

Motopompe ya juu haivuti maji ya chini kupita metre 7 ao 8. Njo sababu bakubwa ba shimo banatuambia tuiteremushe. Tukatae pamoja. Shimo ikipita pale, tudai pompe ya umeme ya kuingia mu maji, na jenereta ibakie inje, mbali na mudomo wa shimo.

Na wewe mama, bwana akienda kazi, muulize: moteri iko wapi?