Nani Huandikwa Katika Karatasi ya Kura: Habari za Arusha na Meru

Jumapili ya Mitende, tarehe 1 Aprili 2012, wapiga kura wa jimbo la Arumeru Mashariki, kuanzia vijiji vya migomba na kahawa vilivyo katika miteremko ya mlima Meru hata nyanda kavu za chini, walikwenda vituoni kumchagua mrithi wa marehemu Jeremiah Sumari, mbunge wao wa Chama cha Mapinduzi, aliyefariki dunia Januari ya mwaka ule. CCM ilimsimamisha Sioi Sumari, mwana wa marehemu, baada ya kura za maoni zilizorudiwa kwa sababu mara ya kwanza hakupatikana aliyevuka nusu. CHADEMA ikamsimamisha Joshua Nassari, kijana ambaye umri wake haukuwa umetimia miaka 30. Kura zilipohesabiwa, Nassari alikuwa na 32,972 na Sioi 26,757, na kiti ambacho wengi walikidhania kuwa ni milki ya chama tawala kikatoka mikononi mwake kwa amri ya wananchi wenyewe.

Miaka saba baadaye, katika jimbo hilohilo, wananchi hawakuamuru lolote. Machi 2019 Spika wa Bunge alitangaza kwamba Nassari amepoteza kiti kwa kutohudhuria mikutano mitatu mfululizo, ukaitishwa uchaguzi mdogo wa mwezi Mei, na kwa kuwa CHADEMA ilikuwa imekwisha jitenga na chaguzi ndogo ikilalamikia namna zilivyoendeshwa, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyebakia katika orodha ya wagombea, Dkt. John Pallangyo wa CCM akatangazwa kuwa amepita bila kupingwa. Mlima ni uleule na watu ni walewale. Kilichobadilika ni idadi ya majina yaliyofika katika karatasi. Ndiyo maana nasema kwamba katika nchi iliyotawaliwa na chama kimoja tangu siku ya uhuru, mwananchi anayetaka kujua nguvu ya kura yake asianze kwa kuuliza chama kimeshinda kwa kura ngapi, bali aulize ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuruhusu jina liandikwe au kulizuia.

Watu wa Meru hawakujifunza siasa juzi. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwafukuza kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, nyumba zikachomwa na mifugo ikaswagwa, na wao wakachangishana fedha wakampeleka Kirilo Japhet hata Umoja wa Mataifa, mwaka 1952, kwenda kutoa shauri lao mbele ya mataifa, jambo ambalo Watanganyika walikuwa hawajapata kulifanya. Hawakupata hukumu waliyoitaka, walakini walipata kitu ambacho hakikuondoka tena: yakini kwamba mtu asiye na cheo aweza kusimama mbele ya wenye vyeo akadai haki yake. TANU, chama kilichoizaa CCM, ilipozaliwa mwaka 1954 iliikuta Meru imekwisha amka.

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulipofika katika Jimbo la Kaskazini, mwaka 1958, kila mpiga kura alilazimishwa kuwapigia watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na TANU, baada ya mjadala mkali wa Tabora, ikaamua kuingia katika mashindano hayo badala ya kuyasusia. Bibi Sophia Mustafa, mkazi wa Arusha, aliingia katika Baraza kwa njia hiyo. Miaka miwili baadaye, Agosti 1960, viti vilikuwa 71, na katika hivyo 58 havikuwa na mpinzani hata mmoja. TANU ilipata 70. Kiti kimoja kilichosalia kilikuwa cha Mbulu, ndani ya Jimbo hilohilo la Kaskazini, ambako Herman Sarwatt, naye ni mwanachama wa TANU, alijisimamia mwenyewe dhidi ya mgombea rasmi wa chama chake, Chifu Amri Dodo, akamshinda. Naomba msomaji alitie jina la Sarwatt moyoni, maana nitalirejea: sheria ya mwaka 1960, ingawa iliandikwa na wakoloni, ilimruhusu mtu asiyetumwa na chama aandikwe katika karatasi.

Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria, na hapa pana jambo ambalo vijana wa leo aghalabu hawalijui. Katika kila jimbo mkutano wa chama wa wilaya uliwapigia kura walioomba, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili, na hao wawili wakatembezwa pamoja kijiji kwa kijiji, katika mikutano iliyoandaliwa na chama, wakakatazwa kutumia fedha zao wenyewe, wakakatazwa kutaja kabila wala dini, wakaamriwa kusema kwa Kiswahili. Katika karatasi mmoja alipewa picha ya jembe na mwingine picha ya nyumba, hata asiyejua kusoma akaweza kumtambua wake. Mwenye kudhani kwamba huo ulikuwa mchezo tu na akumbuke kuwa Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alipoteza kiti chake mwaka ule, na kwamba Edward Sokoine, kijana wa Monduli, aliingia Bungeni mara ya kwanza kwa jimbo la Masai. Uhuru huo ulikuwa na mpaka, kwani Halmashauri Kuu iliweza kumweka kando aliyependwa na wilaya, na hakuna aliyeruhusiwa kuipinga TANU yenyewe. Hata hivyo ndani ya mpaka huo mwananchi alikuwa na majina mawili, nayo ni zaidi ya aliyokuwa nayo Mmeru wa mwaka 2019.

Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipowauliza wananchi mwaka 1991, takriban wanne katika kila watano walisema chama kimoja kiendelee, na Tume, kwa hekima ambayo historia imeithibitisha, ikapendekeza kuwafuata wale wachache. Vyama vingi vikarejea mwaka 1992. Katika uchaguzi wa mwaka 1995, ilhali Mwalimu Nyerere alikuwa akizunguka nchi kumwombea kura Benjamin Mkapa wa CCM, mwanawe Makongoro aligombea Arusha Mjini kwa NCCR-Mageuzi na akashinda. Mwaka 2010 mji huohuo ulimchagua Godbless Lema wa CHADEMA dhidi ya Batilda Burian. Mahakama Kuu ikabatilisha ushindi wake Aprili 2012, na Mahakama ya Rufani ikamrudishia Desemba ya mwaka uleule. Mwaka 2015, Edward Lowassa wa Monduli alipokihama chama tawala na wafuasi wake wakamfuata, upinzani ulichukua majimbo 6 katika 7 ya mkoa wa Arusha. Mwaka 2020 yote 7 yakachukuliwa na CCM, na Tanzania Bara nzima CHADEMA ikabakiwa na kiti kimoja tu cha kuchaguliwa.

Kwa sheria iliyotumika katika miaka hiyo, mtaka ubunge alipaswa kudhaminiwa na wapiga kura wasiopungua 25 wa jimbo lake, aweke dhamana ya shilingi 50,000, na airudishe fomu kabla ya saa 10 alasiri ya siku ya uteuzi, mbele ya msimamizi wa uchaguzi. Msimamizi huyo aghalabu alikuwa mkurugenzi wa halmashauri, mtu aliyeteuliwa na Rais, na Rais naye ndiye mwenyekiti wa chama kimoja kati ya vinavyoshindana. Mei 2019, mwezi uleule ambao Meru ilikuwa ipige kura isipige, Mahakama Kuu iliona kwamba jambo hilo halipatani na Katiba. Oktoba Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Katika fomu kuna jina, kazi, saini na muhuri, na kosa dogo la mkono laweza kumtoa mgombea katika mashindano kabla mwananchi hajamsikia akisema neno. Watu huita hivyo kuenguliwa.

Kwa hali hiyo, uchaguzi wenye maana huhamia ndani ya chama tawala, katika kura za maoni, na wajumbe wachache huwa na nguvu inayoupita umma wote wa jimbo. Hapo ndipo fedha hupata mwanya wake. Sheria ya mwaka 2000 iliihalalisha takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na Mahakama Kuu ikaiondoa mwaka 2006 kwa kuwa ilimpa tajiri nafasi ambayo maskini hakuweza kuipata. Wamarekani waliyajua hayo zamani. Katika majimbo yao ya kusini Wademokrati walikuwa hawashindiki, mchujo wa chama ndio uliokuwa uchaguzi wa Kongresi kwa hakika, na chama kikadai kwamba, kwa kuwa ni jumuiya ya watu binafsi, chaweza kuwazuia watu weusi wasishiriki mchujo. Mwaka 1944, katika shauri la Lonnie Smith wa Texas, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa: maadamu mchujo ndio unaoamua, kumfungia raia nje ya mchujo ni kumnyima kura. Hoja hiyo yatosha kabisa kwetu.

Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifanyika bila ya CHADEMA katika karatasi, kwa kuwa haikutia saini kanuni za maadili ya uchaguzi. Siku ile na zilizofuata zilikuwa za maandamano, risasi na vifo, na Arusha haikusalimika. Nayaandika haya kwa huzuni. Sidai kwamba jina zaidi katika karatasi lingeyazuia yote, lakini nasadiki kwamba mtu aliyenyimwa pa kuweka alama yake hutafuta pengine pa kuiweka.

Njia ya kutoka katika hali hiyo ilikwisha onyeshwa katika mji huuhuu. Tarehe 14 Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba Tanzania inavunja haki za raia kwa kumkataza mgombea binafsi, ikaiamuru ibadili Katiba na sheria. Mtikila alifariki mwaka 2015 hajaona hukumu hiyo ikitekelezwa, na ibara ya 67 ingali inadai kwamba anayeomba ubunge awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Herman Sarwatt, aliyeshinda Mbulu mwaka 1960, leo asingekubaliwa hata kurudisha fomu. Basi, ewe msomaji wa Arusha na wa Meru, mbunge wako atakapokuja kwenye mkutano wa kata, ondoka ulipoketi umwulize hadharani: je, atayapigia kura marekebisho ya ibara hiyo, na lini?