Kenya: Maktaba ya McMillan na mlango uliofunguka kwa kuchelewa

Karibu na Msikiti wa Jamia, katikati ya jiji la Nairobi, lipo jengo lenye nguzo ndefu na sanamu za simba wawili mlangoni. Hiyo ni Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931.

Sir William Northrup McMillan, ambaye maktaba hiyo ina jina lake, alikuwa tajiri mzaliwa wa St. Louis, Marekani, aliyemiliki ardhi kubwa nchini Kenya. Alifariki mwaka 1925 na akazikwa katika mlima wa Ol Donyo Sabuk. Mjane wake, Lady Lucie McMillan, ndiye aliyeazimia kumjengea ukumbusho wa vitabu. Sehemu ya fedha ilitoka katika shirika lililoasisiwa na Andrew Carnegie, tajiri wa viwanda vya chuma, ambaye ukarimu wake ulijenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani.

Je, zawadi hiyo ilikuwa ya nani? Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliitungia maktaba hiyo sheria yake mahususi, heshima ambayo majengo machache mno huipata. Hata hivyo, hadi mwaka 1958 waliokubaliwa kusoma humo walikuwa Wazungu peke yao. Waafrika na Waasia, waliokuwa wakazi wengi wa jiji, walizitazama nguzo zile kwa nje. Simba wale, mtu anaweza kusema, walifanya kazi yao.

Baadaye maktaba iliwekwa chini ya mamlaka ya jiji, na matawi yakafunguliwa Kaloleni na Makadara, upande wa mashariki. Lakini fedha za kujenga ni jambo moja, na fedha za kutunza ni jambo jingine: majengo yote matatu yalichakaa.

Mwaka 2017 Wakenya wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, waliasisi shirika la Book Bunk ili kuyakarabati kwa ushirikiano na serikali ya kaunti. Hawakuanza na jengo lile la fahari. Walianza na matawi, yaliyo karibu na makazi ya watu, na uamuzi huo unastahili kusifiwa. Kaloleni ni mtaa uliojengwa na wakoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Leo watoto wake wanayo maktaba iliyokarabatiwa, umbali wa hatua chache kutoka nyumbani.