Taa ya injini: Namba ya hitilafu si amri ya kununua sensa

Na Mwandishi Wetu, Moshi

MADEREVA wengi wanaopandisha magari kutoka Moshi mjini kwenda Marangu, Kibosho au Machame wanaifahamu taa ya njano yenye picha ya injini. Ikiwaka, gari hupelekwa gereji, fundi huchomeka mashine ya kupimia, namba hutokea, na mwenye gari hutumwa dukani kununua sensa. Wiki moja baadaye taa huwaka tena, na fedha imekwisha kutumika.

Namba hiyo haitaji kifaa kilichokufa. Inaeleza kipimo ambacho kompyuta ya gari imekiona kikitoka nje ya mipaka iliyowekwa kiwandani. Kwa gari lililofanyiwa marekebisho, mara nyingi kompyuta husema kweli tupu: kuna kitu kimebadilishwa nayo haikuarifiwa.

Mfano ulio wazi ni masega ya kwenye bomba la moshi. Yakiondolewa ili gari "lipumue", sensa ya oksijeni iliyo nyuma yake huanza kuona moshi ule ule unaoonwa na ile ya mbele, na kompyuta huandika P0420. Sensa mpya haitabadili lolote.

Vivyo hivyo kwa themostati, ambayo mafundi kadhaa huing'oa wakiamini kuwa gari halitachemka. Asubuhi za baridi kwenye miteremko ya Kilimanjaro injini huchelewa mno kupata joto, na kompyuta huendelea kuongeza petroli kana kwamba gari limewashwa sasa hivi. Namba yake ni P0128, na mwenye gari huilipia kila anapopita kituo cha mafuta.

Inayosumbua zaidi ni P0171, maana yake hewa ni nyingi kuliko petroli. Hapa fundi makini hatazami namba pekee, bali asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaiongeza ili kusawazisha mchanganyiko. Ikiwa nyongeza ni kubwa injini ikiunguruma bila kukanyagwa, kisha ikapungua mwendo unapoongezeka, atafute hewa inayopenya pembeni: mpira uliopasuka, au filta ya wazi iliyofungwa kwa klempu iliyolegea baada ya sensa inayopima hewa. Ikiwa nyongeza hukua gari linapokaza mlima, ashuku pampu ya petroli au filta yake. Safari ya kutoka Himo kupandisha Marangu ni kipimo kizuri kuliko kuzunguka uwanja wa gereji.

Wapo wanaousingizia mlima wenyewe. Ni kweli kwamba kutoka Moshi hadi lango la Marangu gari hupanda takriban mita 1,000, na mgandamizo wa hewa hupungua kwa karibu asilimia 10, hivyo injini isiyo na turbo hupoteza nguvu. Lakini injini nzima inayoongozwa na kompyuta hupunguza petroli yenyewe kulingana na hewa iliyopo. Kupungua nguvu ni kawaida. Taa kuwaka si kawaida.

Kwa Toyota nyingi za miaka ya 1990, mashine za bei nafuu haziwezi kusoma chochote. Mfumo wa OBD II ulikuwa sharti nchini Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, ilhali ya soko la Japani yalifuata taratibu zake, hata pale tundu la kuchomekea linapofanana. Hayo husomwa kwa kuunganisha TE1 na E1 kwa waya, swichi ikiwa imefunguliwa bila kuwasha injini, na kuhesabu taa inavyopepesa: mara mbili kisha mara moja ni 21, mzunguko wa sensa ya oksijeni. Kukosea tundu kunaweza kuunguza kompyuta.

Taa ikipepesa wakati gari linatembea, jambo ni zito. Silinda haichomi, kwa kawaida kwa sababu ya plagi au koili, na petroli mbichi hulipuka ndani ya masega hadi kuyayeyusha. Dereva aondoe mguu na kusimama mahali salama.

Aidha, kufuta namba si kutengeneza, ingawa hufanyika sana gari linapouzwa. Mnunuzi wa gari lenye OBD II aombe mashine ionyeshe iwapo kompyuta imekamilisha majaribio yake ya ndani. Mengi yakiwa hayajakamilika, namba zimefutwa karibuni, au betri ilichomolewa.