Udongo Uliokula Akiba ya Baba



Mwezi uliopita mwanachama mmoja wa tawi letu, fundi wa mashine za kukaushia majani katika kiwanda cha chai, alikuja ofisini na karatasi mkononi. Amebakiza miezi mitano astaafu. Karatasi ile ilikuwa ramani ya ploti ya eka tano upande wa Laikipia, na dalali amemwambia alete malipo ya kwanza kabla ya mwezi kwisha, la sivyo itauzwa kwa mwingine. Akaniuliza, "Katibu, baba yako alinunua huko zamani. Udongo wake ni mzuri?"

Nikamjibu ndiyo, ni mzuri. Kisha nikamwomba akae, kwa maana neno hilo "mzuri" ndilo lililomponza baba yangu.

Kwa msomaji wa Uganda au Tanzania asiyeijua Laikipia: ni uwanda wa juu nchini Kenya, upande wa kaskazini-magharibi ya Mlima Kenya. Ni nchi ya malisho, ya migunga na majani, na mvua yake ni ya kubahatisha. Wakati wa ukoloni walowezi walijigawia ranchi kubwa kubwa huko. Baada ya uhuru wa 1963 baadhi ya ranchi hizo ziliuzwa, zikazuka kampuni za kununua ardhi. Vibarua, makarani na wakulima walichanga fedha, kila mtu na hisa yake, kampuni ikanunua ranchi nzima, halafu ikaikata vipande na kugawa kwa kura. Mtu alivuta namba ya shamba ambalo hajapata kuliona kwa macho. Nchi iliyozoea kumlisha ng'ombe mmoja kwa eka nyingi ikagawiwa eka mbili, tatu au tano kwa kila jamaa, apande mahindi. Ploti nyingi zilibaki tupu mpaka leo, kwa sababu wenyewe walifika, wakatazama, wakarudi walikotoka.

Baba alikuwa mchuma chai. Alinunua hisa yake mwaka 1974 na kura ilipigwa 1982. Alikwenda kuliona shamba mwezi wa Aprili, siku mbili baada ya mvua, na hapo ndipo kosa lilipoanzia. Udongo ulikuwa mwekundu, laini, jembe linazama bila kelele. Hakuna dimbwi hata moja. Viatu havikushika tope kama katika ule udongo mweusi unaopasuka. Alichota konzi moja, akaifumba, ikawa donge, akaligusa kwa kidole likavunjika. Kwa mtu aliyezoea milima ya chai alidhani amepata dhahabu. Akarudi akamwambia mama tumeokoka.

Sasa tuuseme udongo huu ulivyo, bila kuusingizia. Wataalamu huuita tifutifu ya kichanga. Zaidi ya nusu yake ni chembe za mchanga, na mfinyanzi haufiki sehemu moja kwa tano. Kwa kuwa chembe za mchanga ni kubwa, kati yake mna nafasi ambazo maji hupita na hewa hupita. Ukiisha kulowa, udongo wa namna hii hunywa milimita 20 hadi 30 za maji kwa saa, na mfinyanzi mtupu hunywa 1 hadi 5 tu. Kwa hiyo mizizi haizami majini na haiozi, inashuka chini inavyotaka, na chumvi haikai juu kwa kuwa maji huisukuma chini. Kulima ni rahisi. Haya yote ni kweli, na dalali akikuambia hadanganyi.

Lakini mlango unaoingiza maji upesi ndio unaoyatoa upesi. Mita moja ya udongo huu, kwenda chini, huweka akiba ya maji ambayo mmea unaweza kuyatumia kama milimita 100 hadi 120. Mzizi wa mahindi machanga tuuhesabu senti­mita 60. Basi akiba yako ni kama milimita 60 au 70. Mahindi yakiwa yamekua, jua likiwaka na upepo ule wa Laikipia ukivuma, shamba hunywa milimita 5 kwa siku. Piga hesabu kama unavyopiga hesabu ya mshahara: siku 12 hadi 14 bila mvua, na mfuko umekwisha. Katika nchi hiyo majuma matatu bila mvua katikati ya msimu si ajabu hata kidogo. Mahindi huhitaji milimita 500 au zaidi kwa msimu mmoja, na sehemu nyingi za Laikipia kavu hupata karibu hizo 500 kwa mwaka mzima, tena zimegawanyika.

Jambo la pili ni chakula. Mchanga haushiki mbolea. Mfinyanzi na mboji ndivyo vinavyoshika chakula cha mmea kisisombwe na maji, na humo vyote viwili ni haba. Baba alivuna kidogo mwaka wa kwanza, kwa sababu alikuta mabaki ya majani na mizizi ya miaka mingi. Mwaka 1984, ule wa ukame mkubwa, hakuvuna hata gunzi. Na mwaka uliofuata mvua iliponyesha, mahindi yalitoka ya manjano, yamedumaa, wala si kwa ukosefu wa maji.

La tatu ndilo lililonishangaza mimi mwenyewe nilipopelekwa huko kama mtoto wa miaka minane. Ulikuwa mwezi wa Januari. Udongo ule laini niliosimuliwa ulikuwa mgumu kama sakafu, jembe linaruka. Nilimwona baba akilia kwa hasira; sikupata kumwona akilia tena. Sababu ni hii. Ukiondoa majani, tone la mvua hupiga udongo uchi, chembe nyororo huvunjika na kuziba vitundu, na jua linapokausha linafanyika gamba jembamba juu. Mvua ya pili ikija haiingii. Inateleza juu ya gamba na kukimbilia korongoni, na udongo chini, nusu mkono tu, ni mkavu kama unga. Udongo unaosifiwa kwa kunywa maji upesi unakataa kunywa, na aliyeufundisha kukataa ni jembe letu.

Si baba peke yake aliyedanganyika hivi. Wenzetu wa Tanzania wanakumbuka Kongwa, katika Dodoma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta huko kulima karanga, na mpango wote, pamoja na Urambo na Nachingwea, ulikuwa wa eka zaidi ya milioni tatu. Walitazama udongo mwekundu wa kichanga wakadhani karanga zitaukubali. Chembe ngumu za mchanga zikala majembe ya plau kama msasa. Udongo ukishapigwa na mvua na kukauka ulishika karanga ndani kama saruji, haziwezi kung'olewa. Mvua nayo haikutii ratiba iliyoandikwa London. Mpango ulifutwa mwezi wa Januari 1951, na paundi kama milioni 36 zilikuwa zimekwenda. Wagogo waliokuwa wakilisha ng'ombe pale kabla ya matrekta wangeweza kuwaambia. Baadaye Kongwa ikawa ranchi ya ng'ombe, na ni nchi ya ng'ombe mpaka leo.

Narudi Laikipia. Mpakani mwa ploti yetu palikuwa na kiwanja cha duara, kama uwanja mdogo wa mpira, hapana miti, kina majani mafupi ya kijani hata wakati wa kiangazi. Swala na pundamilia walikuja hapo kila jioni. Baba alidhani pana chemchemi chini. Mzee mmoja mfugaji, aliyekuwa akipitisha mbuzi zake, ndiye aliyemfumbua macho. Alimwambia, "Kijana wangu, hakuna maji hapo. Hapo ng'ombe walikuwa wakilala."

Lilikuwa boma la zamani. Ng'ombe hula mchana katika eneo kubwa, na usiku hurudi bomani na kuacha samadi. Kila usiku huleta chakula cha nchi nzima mahali pamoja. Boma likihamishwa, miiba ya ua huoza, majani huota, na wanyama wa porini huja kula na kuongeza samadi yao juu yake. Watafiti wa kituo cha Mpala, huko huko Laikipia, wamepima viwanja vya namna hiyo wakakuta naitrojeni na fosforasi nyingi kuliko udongo wa kando, na hali hiyo hudumu miaka makumi. Mwaka 2018 wachimbuzi wa mambo ya kale walitangaza kwamba kusini-magharibi mwa Kenya wamekuta alama za maboma yenye umri wa zaidi ya miaka 1,500, mengine hata 3,000, na udongo wake bado ni tajiri. Udongo ni ule ule. Kilichotofautisha ni samadi na majani juu yake.

Siku hizi ranchi kadhaa huhamisha maboma ya vyuma kwa makusudi na kuyaweka siku chache juu ya ardhi iliyokuwa upara, ili kwato zivunje gamba na samadi ianze kazi. Mtu wa eka tano hana kundi kubwa, lakini njia ndogo zipo. Mama yangu, baada ya baba kukata tamaa, aliacha kulima sehemu kubwa ya ploti. Alichimba matuta ya nusu mwezi, mdomo ukitazama juu ya mteremko ili kupokea maji, akatawanya mbegu za majani ya asili na kufunika kwa matawi ya miiba. Mbuzi walizuiwa misimu miwili. Majani yakarudi. Alikuwa akiyakata na kuyauza mafungu wakati wa ukame, na kishamba kidogo cha kunde na mtama alikiweka palepale penye boma la zamani. Hakutajirika. Alitulipia karo ya shule ya msingi, kaka zangu na mimi, hapo ikaishia.

Nilimweleza fundi wetu haya yote, naye akanyamaza kwa muda mrefu. Sikumkataza kununua, fedha ni zake, ametumikia miaka 31. Nilimwambia asitie sahihi kabla hajakanyaga shamba, na asiende wakati wa mvua kama baba. Aende na panga, chupa tupu na mtu wa huko asiyelipwa na dalali. Achimbe nusu mita na zaidi, aone kama chini mna mwamba. Amwage maji ya kikombe penye majani na kikombe kingine penye upara, atazame ni wapi yanaingia. Achote udongo, ajaze theluthi ya chupa, aongeze maji, atikise sana, kisha aiache itulie siku moja: mchanga utakaa chini kwa dakika moja tu, na mfinyanzi utafuata polepole. Aulize mabwawa na visima viko umbali gani, na majirani wangapi wamehama.

Alikwenda Jumamosi iliyopita kwa basi, akarudi na chupa yake. Ipo juu ya meza ya ofisi karibu na daftari la ada, maji yameshatakata. Tumepima kwa rula: chini mchanga sentimita 7, juu yake utepe wa sentimita 3. Anasema upara ni mwingi na kisima cha karibu ni mwendo wa saa moja na nusu, lakini ameona viwanja viwili vya duara vyenye majani. Ameandikia dalali kwamba ramani haionyeshi kama viwanja hivyo vimo ndani ya eka zake tano au nje, na hatalipa senti mpaka mpimaji aweke vigingi mbele yake. Jibu halijafika.