Ziwa Victoria: Uchafu usiokufa kwa kuchemshwa

Uliza katika nyumba za Mwanza, Musoma au Kisumu maji ya kunywa yanasafishwaje, na wengi watakujibu kwamba yanachemshwa. Ni desturi nzuri, imeokoa watoto wengi. Ila moto huua vijidudu tu, na Ziwa Victoria hupokea uchafu wa aina nyingi, kila mmoja na mlango wake wa kuingilia.

Tuanze na ule unaokubali moto, yaani kinyesi. Mwanza ni mji wa mawe. Juu ya vilima vyake kuna nyumba ambazo shimo la choo halichimbiki, au huchimbwa fupi mno. Mvua kubwa ikinyesha, yaliyomo hushuka na maji hadi Mto Mirongo, unaokatiza katikati ya jiji, kisha ziwani. Humo ndimo hutoka kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Baadhi ya vilima vimelazwa mabomba membamba ya majitaka yanayofuata mteremko, na kwa maoni yangu hiyo ni kinga kubwa kuliko mabango yote ya kunawa mikono. Kichocho nacho huanzia kwenye kinyesi au mkojo. Vimelea hukulia ndani ya konokono wa majini, kisha hupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayevuta nyavu. Huyo sufuria yake ya nyumbani haimsaidii.

Kinyesi hichohicho kina kazi ya pili isiyosemwa sana: ni mbolea. Fosforasi na naitrojeni zilizomo, zikiungana na za sabuni, za mbolea iliyooshwa shambani na za udongo mwekundu unaoshushwa na mito kama Nyando na Kagera, hulilisha ziwa kupita kiasi. Wanaoshiba kwanza ni wale tunaowaita mwani wa kijani, ambao wengi wao kwa hakika ni bakteria. Wakifa huzama, na kuoza kwao hutumia oksijeni ambayo samaki wangeivuta. Gugu maji, mmea wa Amerika Kusini ulioanza kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, hula chakula hichohicho. Ndiyo maana linang'olewa, linaburutwa nchi kavu, na baada ya muda lipo tena.

Hata anga inachangia. Ziwa lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na maji yake mengi hutoka moja kwa moja kwenye mvua inayolinyeshea. Mvua hiyo huja na vumbi la mashamba makavu na majivu ya nyasi zilizochomwa kusafisha shamba. Watafiti waliopima upande wa Tanzania walikadiria kuwa zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani hutoka hewani. Hapo utamshtaki nani? Maji yenyewe huondoka zaidi kwa kugeuka mvuke, na sehemu ndogo tu hutokea Jinja kuingia Mto Nile. Mvuke haubebi fosforasi, kwa hiyo sehemu kubwa ya inayoingia hukaa.

Sisi tumezoea kutafuta bomba la kiwanda. Machi 2022 maji ya Mto Mara, unaoingia ziwani, yalipobadilika rangi na samaki kuelea wamekufa, macho mengi yaligeukia mgodi wa dhahabu ulio karibu. Kamati ya serikali ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, na watu wengi wakacheka. Sina ushahidi wa kumaliza ubishi huo. Lakini si jambo la kuchekwa: chochote cha kuoza kikizidi majini humaliza oksijeni, kiwe kimetoka kwa ng'ombe au kiwandani.

Zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, Geita na kwingineko, ni habari nyingine. Haiharibiki kwa moto wala kwa muda, na hujikusanya katika samaki wakubwa walao wenzao. Hata hivyo, vipimo vingi vya samaki wa ziwa hili vimeikuta chini ya kikomo cha afya. Aliye hatarini zaidi ni mchenjuaji anayechoma dhahabu yake iliyoshikana na zebaki na kuvuta mvuke wake, pamoja na familia yake kama anafanyia kazi hiyo jikoni. Na plastiki? Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliikuta matumboni mwa sangara na sato walionunuliwa sokoni Mwanza, takriban samaki mmoja kati ya kila watano.

Kwa anayechota ziwani, hatari ya karibu ni utando wa kijani wa ule mwani. Baadhi ya bakteria wake hutengeneza sumu inayoshambulia ini, na sumu hiyo haiharibiwi na joto la kuchemsha. Tena kuchemsha hupasua seli zao na kuimwaga sumu majini. Ukikuta maji yamevaa utando huo, usichote hapo, usiogeshe mtoto hapo, na mifugo isinywe. Nenda kwenye bomba, kisima kilichopimwa au maji ya mvua yaliyokingwa vizuri. Hayo ndiyo uyachemshe.