Mpira wa Miguu: Wanorwei Mjini Berlin, 1936

Leo twazungumza juu ya mpira wa miguu, lakini si wa hapa kwetu. Twakwenda Norwei, kaskazini ya Ulaya, katika mwaka 1936.

Kwanza uijue hali ya nchi ile. Wakati huo watu wake hawakutimia milioni tatu. Viwanja vyao hufunikwa na theluji wakati wa baridi, basi mpira ulichezwa theluji ilipokwisha kuyeyuka, mpaka baridi iliporudi. Ligi ya nchi nzima haikuwako bado. Ilianza msimu wa 1937-38. Klabu bora ilijulikana kwa Kombe la taifa, lililoshindaniwa tangu 1902, na mwaka huo wa 1936 lilichukuliwa na Fredrikstad. Tena mchezaji hakulipwa mshahara. Alifanya kazi yake ya kila siku, kisha akaenda mazoezini. Hao ndio waitwao wachezaji wa ridhaa.

Wala wanamichezo wa Norwei hawakuwa kitu kimoja. Wafanyakazi walikuwa na shirikisho lao la michezo, mbali na lile jingine, nalo lilipinga kwenda kwenye Michezo ya Olimpiki mjini Berlin, kwa kuwa Ujerumani ilikuwa chini ya Hitler. Timu ya mpira ilikwenda hata hivyo.

Kiongozi wake alikuwa Asbjørn Halvorsen. Mtu huyu mshike sana, maana tutarudi kwake. Alikuwa amecheza senta hafu miaka mingi katika klabu ya Hamburger SV, akawa bingwa wa Ujerumani mara mbili, 1923 na 1928. Mpira wa Wajerumani aliujua kama mtu ajuavyo ua wa nyumba yake. Kapteni alikuwa Jørgen Juve, mfungaji hodari aliyerudishwa nyuma kucheza senta hafu. Magoli yake 33 kwa timu ya taifa hayakupitwa na Mnorwei yeyote mpaka mwaka 2024, alipokuja Erling Haaland.

Mechi ya kwanza Norwei iliifunga Uturuki 4-0. Ujerumani nayo iliipiga Luxembourg 9-0, na labda ndiyo sababu ikawapumzisha baadhi ya wachezaji wake ilipokutana na Norwei tarehe 7 Agosti. Walidhani jogoo la shamba haliwiki mjini. Hitler mwenyewe alikuja kutazama. Dakika ya 7 Magnar Isaksen akafunga. Wajerumani wakashambulia muda mrefu, wasipate kitu. Na dakika chache kabla ya mwisho, Isaksen yule yule akafunga la pili. Hitler aliondoka kabla mchezo haujakwisha.

Katika nusu fainali Italia ilishinda 2-1 baada ya kuongezwa muda. Goli la ushindi lilifungwa na Annibale Frossi, ambaye (utacheka) alicheza amevaa miwani. Waitalia ndio waliochukua dhahabu. Norwei ikaishinda Poland 3-2, magoli yote matatu ya Arne Brustad, ikapata medali ya shaba. Mpaka leo kwao huitwa Bronselaget, yaani timu ya shaba.

Sasa turudi kwa Halvorsen. Aprili 1940 majeshi ya Ujerumani yaliiteka Norwei, na mwaka ule ule watawala wapya wakataka michezo yote iwe chini ya mkono wao. Wanamichezo wakagoma. Wale wa shirikisho la wafanyakazi na wale wa shirikisho jingine, waliogombana juu ya Berlin, sasa walikuwa upande mmoja. Mashindano yaliyoandaliwa na watawala yakakosa wachezaji na watazamaji. Halvorsen, aliyekuwa katibu wa chama cha mpira, alikamatwa mwaka 1942. Alifungwa Grini, karibu na Oslo, kisha akapelekwa kambi ya Natzweiler, na baadaye Neuengamme. Angalia kwenye ramani yako: Neuengamme iko Hamburg, mji ule ule ambako watu walikuwa wakimshangilia uwanjani.

Alirudi kwao 1945, afya yake imeharibika. Akaishika tena kazi ya ukatibu, akafa mwaka 1955, akiwa na miaka 56.