Linux ikikatika katikati, musikubali waformate

Katika biro nyingi za sendika huku Katanga tunatumia mashini za zamani zenye tulipewa. Tumeweka ndani Ubuntu ao Debian, juu haziombe makuta. Mule njo muko listi ya wanamemba, michango, na dosie za wenzetu walioumia ku kazi. Sasa kuran inakatika wakati mashini iko inapokea programu za mupya. Kesho yake haifunguke vizuri, na fundi wa mu cité anasema: tuformate. Tunasema hapana. Kuformate ni kufuta zile dosie zote, na tena munalipa.

Linux inaweka programu kwa hatua mbili: inafungua muzigo, kisha inaupanga. Kuran ikienda katikati, muzigo unabaki wazi bila kupangwa. Lakini dpkg, yenye kufanya hiyo kazi, inaandika fasi ilifika, sawa vile kapita anaandika mu kitabu: posti ya usiku haikumaliza kuweka miti, ile ya asubuhi inasoma na kuendelea. Haianze galeri ingine.

Basi ekra ikibaki nyeusi, bonyezeni Ctrl+Alt+F3, mutaje jina na neno la siri. Kama munaweza, mukopie kwanza dosie ku kle USB. Kisha andikeni:

sudo dpkg --configure -a

Ikimaliza:

sudo apt --fix-broken install

Mara nyingi inatosha. Ikikataa, musome mistari ya mwisho, njo inasema sababu. Kama ni nafasi, df -h inaonyesha disiki imejaa ngapi, na sudo apt clean inatupa mizigo ilishapakuliwa.

Kuko wenye kufundisha watu kufuta lile faili la lock ndani ya /var/lib/dpkg. Sisi hatupendi hiyo. Lock ni kama kadena ya elektrisien ku kofre: iko mutu ndani anatumika. Mara nyingi ni Ubuntu yenyewe inajitengeneza kimya kimya. Ngojeni dakika kumi. Nani kati yetu atakata kadena ya mwenzake?

Na juu kuran ya kwetu tunaijua, mugawe kazi. Wakati rezo ni nzuri, sudo apt-get -d upgrade inapakua tu, haigusi kitu. Siku batri imejaa, ao grupe iko na mazuti, ndipo muandike sudo apt-get upgrade.